Nani Aliyekataa Kwao?

Methali ikishachapwa mgongoni mwa fulana, haina budi kuulizwa imetoka wapi na inamsema nani. Desturi ya kukutanisha koo imeenea nchi nzima, na nyanda za juu za Kigoma hazikubaki nyuma. Ifikapo Desemba, mabasi hupanda Kasulu na Kibondo yamejaa watu wanaokwenda kuonana na jamaa ambao hawajapata kuwatia machoni tangu wazaliwe. Turubai hufungwa, ng'ombe huchinjwa, ugali wa muhogo na maharage hupakuliwa, na migebuka ya mawese haikosekani. Kisha huinuka mzee, au mshereheshaji aliyekodiwa, akashika kipaza sauti na kuwaambia waliotoka mbali, hususan wale wa Tanga, kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Hadhira hupiga makofi. Wanaoambiwa nao hupiga makofi, macho wameyainamisha chini.

Haya ndiyo yasiyostahili kupita kimya kimya. Wageni hao wamesafiri siku mbili na zaidi, wengine kwa nauli ya kukopa, kuja kutafuta kaburi la babu wa babu yao. Wao ndio waliokuja. Mkataa kwao wa kweli, kama yupo, yuko kwake amekaa, wala hasikii kitu. Na anayepigwa ni yule aliyebisha hodi!

Methali yenyewe ni ya Pwani, na Pwani iliyoisafirisha mpaka Buha inawiwa maelezo. Katika jamii ya Pwani ya zamani, mtumwa hakuwa mtu wa kufanyishwa kazi bila ujira tu. Mtumwa alikuwa mtu asiye na jamaa: hana wa kumdai fidia akiuawa, hana wa kumsimamia akioa, hana wa kumlilia kwa jina la baba yake. Ukiwa huo ndio uliomtia utumwani na ndio uliomweka humo. Methali ikaja ikauchukua ukiwa wa mtu aliyeporwa, ikaufanya mfano wa mtu asiye na adabu. Lakini ni mtumwa gani aliyekataa kwao? Misafara iliyoanzia Ujiji, chini kidogo tu ya milima ya Buha, ikapita Tabora na kumalizikia Bagamoyo, haikubeba watu waliochoka na mama zao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya utumwa ikaondolewa katika sheria za Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Methali peke yake haikufungwa. Imebaki ikizunguka na kumwambia aliyeibiwa kwamba alijitoa mwenyewe.

Washairi nao hawana pa kujificha. Methali hii ni tamu kwa kipokeo, na mtu anayetafuta mizani minane hahitaji kuhangaika: "mkataa kwao mtumwa" ina mizani tisa, lakini akiibadili "mkataa" kuwa "mkana", hesabu inatimia. Mizani imepatikana, insafu imepotea. Kwani kukataa na kukana si mamoja. Anayekataa hataki, anayekana anajua na anasema hajui. Kukana ni neno la mbele ya kadhi. Kwa ajili ya silabi moja, mtu aliyetuhumiwa ukaidi amepandishiwa mashitaka ya uongo.

Na tuhuma hiyo inawaangukia akina nani huko Kasulu na Kibondo? Aghalabu inawaangukia wajukuu wa manamba. Msomaji wa Pwani analijua neno hilo vyema, maana Pwani ndiko lilikotumika, na pengine hata leo hulitamka kwa kubetua mdomo. Limetokana na namba ambayo kila kibarua wa mkonge alipewa. Buha ilitozwa kodi ya fedha lakini haikupewa njia ya kutosha ya kuipata fedha hiyo nyumbani. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na wakati wa Waingereza reli hiyo ilishusha kutoka milimani bidhaa moja kuu, nayo ni mikono ya watu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na Kasulu na Kibondo zikawa miongoni mwa visima vyake vikubwa. Kijana aliweka kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, akapandishwa gari moshi, akateremshwa katika nchi ya joto na mbu ambako hakuna aliyeielewa lugha yake. Alipewa kipande cha siku 30 za kazi. Siku ambayo kazi aliyopimiwa haikutimia haikuandikwa, na mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni.

Kwa jasho la watu hao na la wenzao kutoka Songea, Iringa, Ruanda na Urundi, Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha nyuzi za viwandani zikauangusha mkonge sokoni, bei ikaporomoka, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Wengi wa manamba walikuwa wamekwisha kurudi makwao. Wengine walibaki Korogwe, Muheza na Pangani, wakaoana na Wabondei na Wasambaa, wakazikwa pembezoni mwa mashamba. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Yupo aliyeona aibu kurudi mikono mitupu, yupo aliyepata ugonjwa wa kifua, yupo aliyependa. Hao ndio methali inawaita wakataa kwao.

Mkonge wenyewe, kwa bahati, una kisa chake. Asili yake ni Mexico. Aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche elfu aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani. Mmea huo umepewa hekima na heshima, umetiwa hata katika nembo na hotuba, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuambia kwamba umekataa kwao.

Wapo watakaotetea. Watasema methali ni nasaha tu, imekusudiwa kijana aliyesoma, akavaa tai, akaoa mjini, na mama yake akifa hutuma pesa kwa simu badala ya kuja kuzika. Hoja hiyo ina ukweli, na kijana huyo yupo, tena ni wengi. Lakini methali haina macho ya kuchagua. Chini ya turubai la Kasulu huwapata waliohudhuria, na waliohudhuria ndio wasiostahili. Zaidi ya hayo, nasaha humtaka mtu arejee kwao, na hapo ndipo hoja inapokwama kabisa, kwa kuwa kuna swali ambalo hakuna mshereheshaji aliyethubutu kuliuliza: kwao ni wapi?

Tazama ilivyokuwa. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa Buha katika makazi maalumu kwa ajili ya malale. Familia zilizokuwa zikiishi mbalimbali, kila moja na mgomba wake na makaburi yake, ziliamriwa kuhama, na maeneo mapana yakaachiwa pori na mbung'o. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Watu wakahamishwa tena, safari hii kuingizwa vijijini, mwaka mmoja na zaidi kabla ya Mwalimu Nyerere kutangaza, Novemba 1973, kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mwananchi wa vijijini awe anaishi katika kijiji. Mtu anaweza kuitetea siasa hiyo au kuilaani, na si hapa pa kulimaliza shauri hilo. Lililo bayana ni kwamba mji ambao manamba aliuacha mwaka 1948 haupo. Yaliyobaki ni mawe mawili matatu ya jikoni na mti uliooteshwa na mtu fulani, kilometa kadhaa kutoka mahali turubai lilipofungwa.

Yule mzee mwenye kipaza sauti, basi, amesimama juu ya ardhi iliyopimwa na operesheni. Naye hayuko kwao. Babu yake alihamishwa kwa malale, baba yake akahamishwa kwa lori, na yeye anahutubia kutoka kijiji chenye umri mdogo kuliko wake. Kwa kipimo cha methali aliyoitamka, hakuna muungwana hata mmoja katika hadhira nzima. Tofauti baina yake na mgeni wa Korogwe ni umbali ambao kila mmoja alisukumwa. Lau angelisema hivyo, mkutano ungelianza pale pale.

Mwaka huo huo wa 1972, watu wa Kasulu wakipakia milango na vyungu kwenda vijijini, mauaji ya Burundi yaliwasukuma maelfu ya watu kuvuka mpaka na kuingia Kigoma. Mpaka huo hauna umri mkubwa. Hadi Vita Kuu ya Kwanza, Buha na Urundi zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Baada ya vita Mbelgiji akachukua upande mmoja na Mwingereza upande wa pili, na koo zilizokuwa zikioana zikajikuta zina serikali mbili. Kiha na Kirundi husikilizana kwa kiasi ambacho Mpwani hawezi kukadiria mpaka awasikie bibi wawili wakisengenya sokoni. Wakaja wengine mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa. Mwaka 1996 ikafunguliwa Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya nchi yao. Mwaka 2015 wakaja Warundi tena, na idadi ya watu Nyarugusu ikapita 100,000 kwa mbali, huku kambi ya Nduta ya Kibondo ikifunguliwa upya.

Kwa miaka mingi mkimbizi alizuiwa kutoka kambini zaidi ya kilometa nne bila kibali. Hebu ipimwe maana yake kwa mkutano wa ukoo. Mwanafamilia aliyeko Kanada anatumiwa mwaliko miezi sita kabla, anapokewa uwanja wa ndege, anapewa kiti cha mbele na maji ya chupa. Mwanafamilia aliyeko Nyarugusu, ambaye nyanya yake na nyanya ya mwenyeji walizaliwa nyumba moja, anaweza kuusikia upepo uliopita juu ya turubai, na hakuna aliyemkumbuka, seuze kumwombea kibali. Waandaaji huita hafla yao kukutana kwa "jamaa wa mbali". Mbali hupimwa kwa bei ya tiketi.

Kuna na wale ambao methali haiwezi hata kuwagusa, kwa kuwa imekosa pa kuwashikia. Kuanzia mwaka 2007 maelfu ya Warundi wa 1972 walihamishiwa Marekani kutoka kambi za Kibondo, Kasulu na Ngara, na Wakongo wa Nyarugusu wakafuata kwa maelfu baadaye. Mtoto aliyezaliwa kambi ya Mtabila, Kasulu, na kukulia jimbo fulani la Marekani, anaongea Kiswahili cha mstari wa maji na cha foleni ya mgao. Akiulizwa kwao, hutaja Mtabila. Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Aliyezaliwa Mtendeli, upande wa Kakonko, kambi yake ilifungwa mwaka 2021. Watoto hao hukutana huko waliko, hupika ugali, huitana ndugu kwa sababu mahema yao yalikuwa safu moja. Atakayewaambia kwamba huo si ukoo ajitokeze aseme ukoo ni nini.

Lugha inalo jibu, na jibu hilo lingetosha kuitoa ile methali kwenye fulana. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi ili kuwasaidia waliopotezana kutafutana. Matangazo yakaitwa Gahuzamiryango, yaani kiunganisha koo. Majina yalisomwa hewani, fulani anamtafuta fulani, na katika kambi za Kigoma watu waliisogelea redio kama wanavyousogelea moto. Kambini humo humo Msalaba Mwekundu ukipokea barua za karatasi moja, zisizofungwa, zenye habari za jamaa tu. Sasa, neno "miryango" lililomo katika jina lile, umoja wake ni "umuryango", na katika lugha hizo umuryango ni ukoo, na umuryango ni mlango. Wamijikenda nao, huku Pwani, huliita tawi la ukoo "mryango". Na Waswahili wa zamani walisema watu fulani ni wa mlango mmoja, wakimaanisha tawi moja la ukoo. Kutoka Malagarasi hadi Mombasa, mababu walilitazama jambo hilo kwa jicho moja: ukoo ni mahali pa kuingilia. Hawakusema ukoo ni ukuta, wala hawakusema ni ardhi. Neno hilo limekaa kinywani mwa watu wa Pwani na wa Buha muda wote huo, na wanaokutanisha koo wakaliacha, wakaenda kuazima neno la sokoni Mkunazini.

Kuhusu maneno, kuna dosari nyingine ndogo inayoudhi. Mikutano hii imelifanya neno "binamu" kuwa chombo cha kubebea kila mtu. Mtoto wa baba mdogo anatambulishwa kuwa binamu, mtoto wa mama mkubwa binamu, mgeni ambaye nasaba yake haijaeleweka naye binamu. Kwa Kiswahili cha watu wazima, mtoto wa baba mdogo ni ndugu, kwisha. Ubinamu ni wa watoto wa mjomba na shangazi, na hao hutaniana. Warundi nao humwita ndugu wa baba "baba yetu". Mjukuu wa manamba aliyepanda basi akitarajia ndugu akaambiwa ana mabinamu 80, ameteremshwa daraja bila kujua.

Tena huhesabiwa wa kiumeni tu. Orodha ya ukoo ikisomwa, binti wa manamba aliyeolewa na Mzigua hutajwa, ikiwa atatajwa, halafu kalamu husita: wanawe si wa hapa. Hoja hiyo hutolewa kwa jina la mila, tena Kasulu, katika nchi ya Heru, ambayo katika miaka ya 1950 mwami wake alikuwa mwanamke, Theresa Ntare, aliyetambuliwa na wenyeji na wakoloni kwa pamoja. Mila iliyoweza kumkalisha mwanamke juu ya kiti haishindwi kuwapa wajukuu wake mkeka.

Basi wanaoandaa waache mambo mawili na wafanye moja. Waache methali. Waache na ile tabia ya kumtaka mgeni wa Tanga aombe radhi kwa kutojua Kiha; babu yake alifunga kinywa katika lugha hiyo kwa sababu nyapara hakuielewa, na mtoto hurithi kinywa kilichosemeshwa. Penye sala na hotuba za wazee, aketi mfasiri karibu, kijana wa hapo hapo mwenye subira, afasiri yote hata mizaha, kwa kuwa anayecheka baada ya wenzake kumaliza kucheka bado ni mgeni. Kisha, kabla nyama haijaiva, asimame mwenye habari aeleze ukoo ulivyovunjika: nani alichukuliwa kwenda mkonge na mwaka gani, namba yake kama inakumbukwa, nani alihamishwa kwa malale, ni lori lipi lililokuja mwaka 1972, nani yuko ng'ambo ya mpaka, nani yuko kambini. Hayo yaandikwe. Mkutano usiosema nani aliwatenganisha watu wake ni karamu, na karamu haihitaji mtu kutoka Korogwe.

Mambo haya hayana muda mrefu. Aliyekuwa kijana wa miaka 18 mwaka 1972 amepita miaka 70 sasa, na huyo ndiye wa mwisho anayeweza kuongoza njia mpaka kwenye mji wa zamani na kusema hapa palikuwa mlango, hapa palikuwa zizi, huyu aliyelala hapa ni mama wa yule aliyekwenda Tanga. Ni mwendo wa saa moja au mbili kwa miguu, na asubuhi ya Kibondo ina baridi ya kutembelea. Wageni hukaa siku tatu, na siku ya kwanza yote huliwa na upigaji picha.